Mji Tuliobandika Ukutani kwa Mama

Mke wangu ni mwalimu wa sanaa Bwera, na sijaona mtu mwenye mkono kama wake penye mkasi. Mimi naendesha lori la saruji kutoka kiwanda cha Hima hadi mpaka wa Uganda na Kongo, na mifuko iliyochanika humletea yeye. Karatasi ile ya kahawia huikata maghorofa. Kalenda za zamani zinatoa madirisha na anga, mabaki ya vitenge yanatoa mashamba. Wanafunzi wake hubandika miji ya miaka mia ijayo: kahawa inaota juu ya mapaa, magari yananing'inia kwenye kamba kutoka mlimani, soko lina ghorofa na mbuzi wana ngazi yao. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi nasimama mbele ya kolaji hizo kama mgeni aliyeshuka kwenye basi, nikitafuta mtaa ambamo ningependa kukaa.

Kanuni yake ni moja tu: kwanza maji, kisha njia, nyumba mwisho. Anayeanza na nyumba, huwaambia wanafunzi, atajikuta anaupangia mto pa kupita, na mto haupangiwi.

Mama yangu aliishi Bulembia, karibu mno na mto. Kila msimu wa mvua maji yalimega kipande cha shamba lake la migomba. Nilimsihi ahamie kwetu Bwera. Nilimsihi kwa upole, nikamsihi kwa ukali, nikanuna. Alinijibu kwa kunipakulia chakula. Niliogopa sana; mvua ikinikuta barabarani, niliendesha huku nikiisikilizia simu.

Mke wangu hakumsihi hata mara moja. Jumamosi moja alibeba mkasi na mfuko wa vipande, tukaenda wote Bulembia, akamwambia mama mkwe wake wabandike mji pamoja. Mama alifurahi. Ukuta wa sebule yake ulikuwa umebandikwa magazeti tangu zamani, kama nyumba nyingi za udongo kwetu, kwa hiyo kazi aliijua, na uji mzito wa muhogo wa kugandishia aliupika mwenyewe. Waliongea Kiswahili. Mke wangu ni wa Butembo, upande wa Kongo, na kila mmoja wao hudai kwamba lugha ya mwenzake, ingawa ni ileile, ilipinda ilipovuka mpaka.

Kitu cha kwanza mama alichobandika ni nyumba yake. Bati jekundu kutoka kwenye kalenda, katikati kabisa. Nilimtazama mke wangu, maana kanuni ilikuwa imeshavunjwa. Alikuwa anakoroga uji.

Basi mama akaendelea, na lo, mama yangu! Aliweka kanisa lenye njia ya mteremko, "ya magoti ya wazee." Aliweka shule juu ya nguzo, na taa zinazokula jua mchana zipate kuwaka usiku. Barabara ya malori aliipitisha mbali na mji, akasema zimetosha kelele za mwanawe. Nilijivunia mpaka nikasahau kilichonileta.

Ukabaki mto. Mke wangu akampa kitenge cha buluu. Mama akakata utepe mwembamba, akaupitisha mbali na nyumba.

"Mama, hii iko muto ya wakati ya jua," mke wangu akasema taratibu. "Wakati mvua inanyesha kule juu, maji inapitaka wapi?"

Mama si mwongo. Akaongeza utepe, akatazama nje ya mlango, akaongeza mwingine. Pale kwenye migomba. Pale jikoni. Kipande cha mwisho kikalala juu ya bati jekundu.

Nikafungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Vidole vya mama vilikuwa vimejaa uji. Akaingiza ukucha chini ya kitenge, akaibandua nyumba yake kabla haijakauka, akaipangusa kwa upindo wa nguo. Aliishika kiganjani, akautazama mji wote, asiibandike popote.

"Huko kwenu Bwera," akaniuliza, "kuna ukuta moja haina kitu?"

Aliyejibu ni mke wangu.

"Mama, iko chumba muzima."