Mama Mkwe Amekuja Kumtibu Mwanangu Lawalawa

Admin, naomba ufiche jina langu, maana ndugu wa mume wangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Mandewa, Singida mjini, nina saluni ndogo ya kusuka. Nina mtoto mmoja wa kike, ana miezi mitano. Naandika haraka haraka nimejifungia chumbani, mkiona nimekosea maneno mnisamehe.

Nianze na baba yangu. Kwetu ni Waislamu, wafanyabiashara wa hapa mjini, marehemu mama alikuwa mtu wa Tanga. Nilipompenda mume wangu, dereva wa lori la vitunguu, Mkristo wa Kinyangiri, baba aligoma kabisa. Mimi na ubishi wangu nikaenda kufunga ndoa bomani. Baba akaniambia, "Umechagua mwenyewe. Likikukuta la kukukuta, mlango huu usiubishe." Nikamjibu sitaubisha. Nilijiona shujaa kweli kweli.

Aliyenifanya nisijute ni mama mkwe. Nilipojifungua alinichukua hadi kwake Kinyangiri akanilea kama aliyenizaa: uji, supu ya kuku, maji ya moto asubuhi na jioni, hata ndoo hakuniacha nishike. Nikasema hapa nimepata mama mwingine. Bado nasema hivyo, na ndicho kinachoniumiza.

Mwezi uliopita mimi na mwanangu tulienda Kinyangiri kumsalimia. Mtoto akaanza kulia kila akikojoa, na joto likapanda. Mama mkwe akamwangalia, akatikisa kichwa. "Hii lawalawa, mwanangu. Usiogope, tunaijua. Tutamtibu hapa hapa." Mimi nikadhani ni ugonjwa kama surua, una mizizi yake ya kuchemsha. Nikapiga goti nikamshukuru. Tena nikasema mbele ya watu, "Mama, wewe ndiye mzazi, fanya unavyojua." Jamani, hayo maneno ndiyo yananinyima usingizi.

Jioni ile wifi yangu alinifuata jikoni, akajifanya anachochea moto. Akaniuliza, "Unajua lawalawa inatibiwaje?" Nikasema sijui. "Wanamkeketa mtoto." Nikacheka, nikadhani ananitania kama kawaida yetu. Yeye hakucheka. "Wa kwanza wangu alitibiwa hivyo. Damu ilikataa kusimama, tukamzika. Usije ukasema nimekuambia mimi." Akatoka na sufuria yake.

Asubuhi nikadanganya kwamba nina bibi harusi wa kusuka, nikapanda basi na mwanangu hadi hospitali. Nesi akapima mkojo, akasema ni maambukizi tu ya njia ya mkojo, akatupa dawa ya maji. Nilipomtajia lawalawa alinikazia macho. Akaniambia wengi huku wameshaacha, lakini wapo bado wanaowafanyia vichanga kwa siri, na kwamba hakuna ugonjwa duniani unaotibiwa kwa njia hiyo. Mtoto akapona. Kwa furaha yangu ya kijinga nikampigia mama mkwe kumpa habari njema. Akasema, "Dawa za hospitali zinaituliza tu. Itarudi, na ikirudi itamchukua. Nakuja."

Na amekuja. Mwanzoni mwa wiki hii nilifungua mlango nikamkuta amesimama na kuku wake na mfuko wa unga wa uwele.

Mume wangu yuko safarini Dar. Nilimpigia nikamweleza yote, isipokuwa habari ya wifi. Akasema, "Dada zangu wote walifanyiwa, mbona wapo? Mama hawezi kumdhuru mjukuu wake. Halafu si wewe uliyemwambia afanye anavyojua?" Nikamwambia hilo ni kosa la jinai, watu wanafungwa. Akauliza, "Kwa hiyo utamfunga mama yangu?" Akakata simu, na mpaka sasa hapokei.

Saluni nimefunga. Mtoto habanduki mgongoni kwangu, nikipika yupo, nikienda chooni yupo. Mama mkwe ananionea huruma, anadhani nimechoka. "Nipe nimbebe mwanangu, ulale kidogo." Ananiambia kwa upole hadi naona aibu kumkatalia. Jana aliongea na simu kwa Kinyiramba, mimi sikijui. Alipomaliza akanieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba kuna bibi mwenzake atakuja Ijumaa kumtibu mtoto. Akanituma dukani nikanunue wembe mpya. "Uwe haujafunguliwa," akasisitiza, "sitaki mjukuu wangu aguswe na kitu kichafu."

Ndugu zangu, naogopa. Nikienda polisi, huyu mama aliyeniogesha kwa mikono yake atalala mahabusu, ndoa yangu imekwisha, na wifi ataulizwa mtoto wake alikufa na nini. Nikikimbia, kwa baba nitaanzaje, na hata nilipomzalia mjukuu hajaja kumwona? Nikinyamaza, mwanangu ndiye atakayelipa kwa kichwa changu kigumu na mdomo wangu mwepesi. Nimejaribu kumweleza mama mkwe aliyoyasema nesi. Akanishika shavu, akasema, "Mimi nimezika watoto kwa lawalawa, mwanangu. Huyu sitamwacha afe." Alikuwa analia kweli, na machozi yake yalinitisha kuliko kama angenifokea.

Sasa hivi yuko nje ya mlango huu anamwimbia. Mtoto ameisikia sauti ya bibi yake, anacheka, ananyoosha mikono aende. Mliowahi kupita hapa, na ninyi wakwe mnaosoma, niambieni leo hii nifanye nini. Kesho ni Ijumaa.