Umeona Kisu?

Asubuhi ile kule Nyansurura umande ulikuwa mwingi, na sisi vijana tulikuwa tumesimama mstari mmoja tukisubiri kutahiriwa. Baridi ya namna ile sijaipata tena, labda ile ya siku niliyolala porini Machochwe nikimtafuta ng'ombe wa baba, kumbe ng'ombe mwenyewe alisharudi nyumbani, yuko zizini anacheua, mimi niko juu ya mti naogopa fisi. Lakini hiyo ni nyingine. Mzee wa kisu alikuwa bado yuko mbali, anakuja taratibu, na watu wazima wamejazana mbele yetu. Kwetu siku ile unatazamwa machoni na mikononi. Ukipepesa, wameona. Kidole kikicheza, wameona, na watalisema hadi uwe na wajukuu.

Basi panzi mmoja wa kijani akaruka kutoka kwenye majani akatua kwenye kope ya kijana aliyesimama kulia kwangu. Kwenye kope kabisa. Akatulia pale anasugua miguu yake kama mtu aliyefika nyumbani. Nilimwona kwa pembe ya jicho tu, maana kugeuza shingo ni kosa. Yule kijana hakupepesa. Mzee wa kisu akafika, akamaliza kazi yake, akasogea kwangu, na panzi bado yuko palepale. Wanawake walipiga vigelegele hadi ng'ombe wakashtuka.

Mimi? Mimi nilipita, tuseme hivyo. Hakuna aliyeniimba, hakuna aliyenicheka.

Tangu siku hiyo mimi na yeye ni saro moja. Saro ni wale mliotahiriwa msimu mmoja, na ukaribu wake unazidi wa ndugu wa tumbo, maana ndugu wa tumbo mnaweza kununiana mpaka kaburini, wa saro huwezi. Unaingia kwake bila hodi. Unamtania mbele ya mke wake. Na utani wetu mkubwa ulikuwa mmoja: mtu akitetemeka, iwe kwa baridi, iwe kwa homa, hata akidondosha kijiko tu, tunamuuliza, "Umeona kisu?" Watu wanacheka, yanaisha. Yeye peke yake hakuwahi kuulizwa. Nani angemuuliza yule wa panzi?

Shule mimi niliishia darasa la tatu, mwalimu alipohamishwa na mimi nikajihamisha. Tulichunga, tukalima, tukaoa. Ng'ombe wakaenda mmoja mmoja, wengine kwa mahari, wengine kwa wezi, na mwisho tukajikuta sote wawili machimboni upande wa Tarime. Siyo ule mgodi wenye uzio na taa. Kwetu ni mashimo ya kuchimba kwa mikono, na karasha, ile mashine ya kusaga mawe inayopiga kelele mpaka ukilala bado unaisikia, na mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Mchanga ukishaoshwa unatiwa zebaki kwenye karai. Zebaki ni kitu cha ajabu, inateleza kama maji lakini haikuloweshi. Inaikusanya dhahabu yote iliyotawanyika, unaikamua kwenye kitambaa, unabaki na donge jeupe. Donge hilo sasa lazima lichomwe juu ya mkaa. Zebaki inaondoka kwa moshi, dhahabu inabaki, njano.

Kuchoma hakupewi kila mtu. Donge ni la watu wengi, ni jasho lao, na mkono ukicheza kidogo likadondokea kwenye majivu utatafutwa wewe. Wakamchagua yeye. Walikuwa wamesikia habari za panzi; mimi mwenyewe nimewasimulia mara ngapi, sijui.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, hakina dirisha, kwa sababu wenye mali hawakutaka upepo upeperushe mkaa wala wapita njia wachungulie. Alikaa mle akiinamia moto, uso karibu kabisa, akitazama rangi ibadilike. Alipenda ile dakika. Alikuwa ananiita, "Mura, njoo uone inavyoiva!" Mura ni kijana, na sisi tumeitana hivyo hadi mvi zimetujaa.

Na moshi kwetu si adui, hilo nataka lieleweke. Mama zetu walifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto ili maziwa yapate harufu nzuri, na mpaka leo nikinywa maziwa ya pakiti naona kama nakunywa maji ya chokaa. Nyama tumekausha juu ya moshi. Tumezaliwa ndani ya nyumba zenye moshi. Nani angetuambia upo moshi usiouma macho, usiokohoza, na huo ndio mbaya?

Alianza na chai. Kila chai ina ladha ya msumari, alisema, akamgombeza mke wake, akabadilisha sufuria, wapi. Fizi zikawa zinatoka damu. Kisha hasira, yeye aliyekuwa mpole kama ng'ombe wa maziwa. Lakini kilichonitisha mimi kilikuja baada ya hapo. Alianza kuwa na haya. Siku moja nilimkuta amebanana nyuma ya karasha, nikadhani anamkwepa mkwe wake, kumbe anayepita ni mama muuza karanga tu. Nikamuuliza, "Anakudai karanga?" Hakucheka. Alisema, "Sijui, mura. Nimeona watu wanakuja, nikaona nijifiche." Huyo ni mtu wa panzi, jamani.

Na mikono. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kifaranga, na chai ilikuwa inacheza ndani. Nilitazama pembeni. Utani wa saro ulinijia mdomoni nikaumeza.

Ndipo alipokuja yule daktari mama. Si mtu wa huku, alikuwa wa mikoa ya mbali, Kiswahili chake laini kama cha redioni. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, hata wale wasiostahili. Alitueleza kwamba yeye na wenzake wanachunguza moshi wa kazini unavyodhuru miili ya watu wanaofanya kazi ndani yake, na kwamba atakayeonekana ameathirika atasaidiwa, ataondolewa kwenye moto na kupelekwa hospitali. Maneno yalikuwa mazuri. Akaanza na rafiki yangu.

"Mzee, ukiwa kazini unavuta moshi?"

"Mimi ni Msabato, mama. Sivuti hata sigara."

Mwalo mzima ukacheka, na yeye daktari akacheka, akaeleza upya kwamba ni kuvuta kwa pua. Walichukua mkojo kwenye vichupa, na hapo utani ulikuwa mwingi ambao siuandiki. Baadaye akataka kuona mikono. Akatundika turubai kwa ajili ya kivuli, akapiga makofi, akasema, "Haya wazee wangu, naomba msimame mstari mmoja. Mtanyoosha mikono mbele, mmoja mmoja, nitawatazama."

Mtoto wa watu, angejuaje? Wanaume walisimama mstari. Hakuna aliyewafundisha, lakini vifua vilitoka mbele, macho yakatazama mbali, mazungumzo yakakatika. Wanawake waliokuwa wanaosha mchanga waliacha makarai, wakaja, wakasimama upande wa pili, wanatutazama machoni na mikononi. Daktari akafurahi kwamba watu wametulia.

Zamu ya rafiki yangu ikafika. Mimi nilikuwa kushoto kwake, kama siku ile. Nilimsikia akizuia pumzi. Shavu lilibonyea, nikajua analing'ata kwa ndani. Mshipa wa shingo ukasimama kama kamba ya kufungia ndama. Mikono ikanyooka mbele, vidole vimeachana, na haikucheza. Daktari akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi nayo haikucheza. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kope, lilelile jicho, na hakupepesa.

Mwanamke mmoja akashindwa kuvumilia, akapiga kigelegele. Wakaitikia wote.

Daktari akainua kichwa. "Kuna harusi?"

"Hapana, mama daktari. Ni furaha tu."

Akamuuliza, "Baba, nyumbani je, ukishika kijiko, ukifunga vifungo, mikono haitetemeki?"

"Nitetemeke nimeona nini?"

Akamwambia mikono yako mizuri, akaenda kwa mwingine. Wote tulikuwa wazuri. Sijui kama aliwahi kuona mahali pengine watu wenye afya vile, wanaoshika sumu kila siku, halafu hakuna hata mmoja anayecheza kidole. Alipogeuka kukusanya vitu vyake, rafiki yangu alikwenda nyuma ya kibanda. Nilimfuata. Alikuwa amekaa chini, mikono kaibana katikati ya mapaja, na mwili mzima unaruka.

Baada ya wiki kadhaa daktari akarudi, peke yake, kwa bodaboda. Mkojo ulikuwa umemshtua. Alimwita rafiki yangu pembeni, akaniita na mimi, lakini pale mwaloni pembeni hakuna, na kwa bahati mbaya karasha ilikuwa imezimwa. Kila mtu alisikia.

"Baba, zebaki iliyo mwilini mwako ni nyingi sana. Siku ile ulijizuia. Nakuomba uuache moto leo. Ukikaa mbali na ule moshi mwili unaweza kupata nafuu, na hospitali tutakwenda wote. Lakini nisaidie, niambie kweli. Unatetemeka?"

Akawatazama wanaume waliokaa juu ya mawe. Wote walikuwa wanatazama mikono yao wenyewe.

"Sitetemeki."

"Siyo woga, baba. Ni sumu. Ikiingia kichwani inamletea mtu haya, inamletea hofu, ambayo si yake kabisa."

"Woga ni woga, mama. Ukionekana nao, nani atauliza umetoka wapi?"

Yule mama alikuwa na machozi. Alinishika mkono akaniambia, wewe ni rafiki yake, mwambie. Nami nilimwambia, jioni tukipanda kurudi makambini. Nilianza mbali, kama kawaida yangu, nikapitia mambo ya mahindi, nikapitia bei ya ng'ombe, halafu nikamwambia, "Mura, hata mimi siku hizi kidole kinacheza. Twende wote hospitali, tuseme tunatetemeka, tupewe dawa, turudi kwetu tukachunge."

Akasimama njiani akanitazama. "Kwako ni rahisi kusema. Panzi hakukutulia wewe."

Tukacheka sana, tukacheka hadi tukakaa chini. Nilidhani kicheko kile kimefungua mlango. Asubuhi yake nikaona moshi unatoka kwenye mabati ya kibanda chake.

Wenye mali ndio waliomtoa mwishowe, si daktari. Alidondosha donge kwenye majivu, na siku iliyofuata tena, wakampa kijana mwingine ile kazi. Tukarudi Nyansurura, yeye kwanza, mimi baadaye. Hospitali hakwenda. Alikula peke yake nyuma ya nyumba. Wageni wakija mke wake anasema ametoka. Nilikuwa nakwenda kukaa naye huko nyuma, naongea mimi, naongea chochote, yeye anasikiliza, mikono ndani ya koti hata jua likiwa kali.

Kisha mwenzetu mmoja wa saro akamwoza binti yake, na huwezi kukosa kwa mtu wa saro. Alikuja. Alivaa lile koti, akakaa mwisho wa benchi. Kibuyu cha maziwa ya mgando kikaanza kuzunguka kwa wazee, kila mmoja anakunywa anampa wa pili, na wakwe wamekaa mbele yetu kwa heshima zao. Nilikuwa karibu naye. Nilinyoosha mkono nikipokee mimi, kimruke, lakini yeye alishatoa mikono mfukoni.

Alizuia pumzi. Nilimwona akitafuta ule mshipa wa shingo, akauvuta. Safari hii haukuja. Maziwa yalimwagika gotini kwake, yakamwagika kwenye viatu, kibuyu kinagonga meno.

Tunaye mzee mmoja wa saro, mcheshi wetu, macho yake yameingia ukungu, haoni ila vivuli. Alisikia tu maziwa yanamwagika, akapaza sauti kutoka upande wa pili, kwa mazoea, kwa upendo kabisa:

"Nani huyo? Umeona kisu?"

Watu walicheka kabla ya kuangalia ni nani. Halafu wakaangalia.

Akakiweka kibuyu chini, taratibu, na hakikuanguka. Akafuta goti kwa pindo la koti. Mcheshi wetu bado alikuwa anauliza, "Ni nani? Mbona hamsemi ni nani?" Yeye akachukua fimbo yake, akainama kidogo kwangu, akasema, "Nakuja, mura," kama tunavyosema sote tukitoka nje kujisaidia. Tulimwachia nafasi yake kwenye benchi. Akapita kando ya zizi, akashika njia ya Kenyamonta, mgongo umenyooka kabisa, na mpaka leo hajarudi.