Castory na Magomvi ya Watu

Castory, fundi cherehani wa hapa Old Korogwe, ana ugonjwa usio na dawa: hawezi kuona watu wanagombana akakaa kimya. Ataiacha suruali ya mteja ina mguu mmoja, akimbilie kuamua. Mkewe Asnath amemsihi mpaka amechoka.

“Baba Yusra, huo mkono ndio unaotulisha. Siku ukivunjwa, hao unaowaamulia watatushonea wao?”

Castory hucheka tu. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Mtani anakutukana anavyotaka, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, kosa ni lako. Mimi ni Mzigua na jirani yake, basi kila asubuhi ananiita mtumwa wake kabla sijapiga mswaki. Hiyo ndiyo silaha yake: anajitosa katikati ya ugomvi, anawatukana wote wawili, wanaishia kucheka. Imemsaidia miaka mingi, na imemtia kiburi cha kijinga, nasema wazi.

Mwezi uliopita alikwenda Segera kupeleka sare za shule. Pale stendi akakuta wanaume wawili wamekunjana mashati, wakigombea sehemu ya kuuzia machungwa. Mmoja alikuwa Salimu wa Mkata, Mzigua anayemfahamu. Mwingine pande la mtu, mgeni kwake. Castory hakuuliza kitu. Akajipenyeza katikati.

“Acheni hizo, watumwa wangu. Babu zenu tuliwanunua kwa kikapu cha mihogo, leo mnagombea machungwa?”

Salimu akacheka, akaachia shati. Yule mwingine hakucheka.

“Mtumwa wako nani?”

“Wewe. Tena wewe tulipewa kama nyongeza.”

Jamaa akang'oa mti wa kibanda. Castory bado anacheka, maana sheria ya utani anaijua. Mti ulipotua kwenye mkono aliojikingia, ndipo alipoketi chini na kuuliza, “Kwani wewe Mzigua wa wapi?”

“Mzigua nani? Mimi Mnyamwezi wa Tabora.”

Mtu wa kwao kabisa, asiye na utani naye hata chembe. Wagombanaji wakasaidiana kumpeleka hospitali kwa bodaboda, Salimu akimshikilia, na yule jamaa akimwomba radhi njia nzima kwa Kinyamwezi, lugha ambayo Castory, mzaliwa wa kambi ya mkonge, haijui.

Alirudi nyumbani mkono umefungwa hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko, akatangaza kibarazani, “Lakini wamepatana.”

Asnath, aliyekuwa akikata kitambaa cha mteja, alisimama. Mwanzoni hakupaza sauti.

“Kila nikisikia kelele barabarani moyo unanidunda, nasema leo ndiyo naletewa maiti. Nimeishi hivyo tangu unioe. Umewahi kuniuliza?”

Castory akajaribu kucheka. Hapo ndipo Asnath alipopaza. Alitaja ugomvi mmoja baada ya mwingine, na majirani wakajaa uani kusikiliza. Hakuna aliyesogea. Castory akazungusha macho akitafuta wa kumwokoa, akaniona mlangoni kwangu.

“Mtani, njoo basi utuamue.”

Kwa haki ya utani ningeweza. Ningemtukana mpaka mkewe acheke, yakaisha. Na nilimhurumia, kweli. Nikautazama mkasi mkononi mwa Asnath, nikaingia ndani, nikafunga mlango.