Kesi ya Mbuzi na Makorongo

Chuoni walimwita Mwalimu Lakini, naye alijua wala hakukasirika. Alifundisha jiografia, na hapakuwa na hoja iliyopita mbele yake ikatoka bila mchubuko. Ukisema mvua zimepungua, yeye, "Lakini umepima wapi?" Hata nyumbani, mkewe akisema sukari imekwisha, alitaka kujua kama na kabatini pia imekwisha.

"Baba watoto, mimi si tasnifu," mkewe humwambia. "Nenda dukani."

Sifa yake ilitokana na kitabu kimoja chembamba alichoandika ujanani. Humo alidai kwamba makorongo yaliyokata vilima vya nje ya mji yameletwa na mbuzi. Mbuzi wanamaliza majani, udongo unabaki uchi, mvua inauzoa. Hoja imenyooka kama rula, na wanafunzi waliinukuu mwaka nenda mwaka rudi.

Basi siku moja idara ikampa tasnifu aitahini. Mwandishi alikuwa bibi shamba, afisa wa kilimo, mwanamke wa makamo aliyerudi darasani baada ya kuwatembelea wakulima wa vilima hivyohivyo kwa muda mrefu. Alidai mbuzi wamesingiziwa. Makorongo, aliandika, huanzia kwenye makalvati, yale mabomba ya chini ya barabara, pale maji ya mifereji yanapomwagwa yote mahali pamoja.

"Tumpe mtahini mwingine?" mkuu wa idara alimuuliza kwa upole.

"Hapana. Nitaisoma mimi."

Akaketi sebuleni na kalamu nyekundu, na tundu la kwanza likamfurahisha kuliko ilivyostahili: vipimo vilichukuliwa msimu mmoja tu wa mvua. La pili likamchekesha kwa sauti.

"Nini tena?" akauliza mkewe, aliyekuwa akipiga pasi.

"Kawahoji wenye mbuzi! Sasa mwenye mbuzi atamshtaki mbuzi wake?"

Mkewe naye akacheka.

Akajaza kurasa tatu za udhaifu. Alipofika kwenye uimara, kalamu ikagoma. Mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wasiibomoe hoja ya mtu kabla ya kuieleza vizuri, mpaka mwenye hoja aseme, naam, hicho ndicho nilichosema. Aibu ikamshika kidogo. Akachukua karatasi safi, akaanza kuieleza hoja ya yule mama kwa haki.

Ndipo akaona kuwa mahojiano yalikuwa nyongeza tu. Nguzo ilikuwa vilima viwili vyenye mbuzi wengi sawasawa, kimoja kina barabara, kingine hakina. Kisicho na barabara hakikuwa na korongo hata moja. Waondoe wenye mbuzi wote, nguzo bado imesimama.

Akakivuta kitabu chake rafuni, akakisoma kama cha mgeni. Alikuwa amechunguza vilima vinavyofikika kwa gari tu. Na gari lilipita wapi, kama si barabarani?

Akakirudia ukurasa kwa ukurasa, mpaka mkewe akaja kumgusa paji la uso.

"Una homa?"

"Hapana, mama. Nimesoma vizuri, basi."

Siku ya utetezi, bibi shamba aliingia amekumbatia makaratasi kama ngao. Mwalimu hakuanza na swali. Aliieleza hoja yake yote, taratibu, kisha akauliza, "Ndicho ulichosema?"

"Ndicho, Mwalimu." Mabega yake yakashuka.

"Msimu mmoja unatosha?"

"Hautoshi. Hapo nina udhaifu, na sina pa kujificha."

"Na ushahidi unaokipinga kitabu changu una nguvu?"

Bibi shamba akawatazama watahini wengine, kisha Mwalimu. "Una nguvu, Mwalimu. Samahani."

"Usiniombe samahani. Andika."

Akafaulu, kwa sharti la kurekebisha sura ya mwisho. Mwalimu alitembea nyumbani siku hiyo mwepesi, japo alikuwa amepoteza hoja ya maisha yake, na hilo lilimshangaza.

Mvua zilizofuata, bibi shamba alirudi kupima, na Mwalimu akaomba kuandamana naye. Walipanda kwa miguu kile kilima kisicho na barabara, Mwalimu akilalamikia magoti kila hatua. Karibu na kilele wakasimama ghafla. Kando ya njia ya mbuzi, ardhi ilikuwa imepasuka upya, korongo changa, refu kama mkono.

Bibi shamba ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akatoa utepe wa kupimia, akampa Mwalimu ashike upande mmoja.