Kinanda Kilichomsema Mzee Tluway

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hapa Buger jambo langu likisimuliwa hutiwa chumvi mpaka haliliki.

Kwaya yetu ilipata kinanda cha umeme, na mimi ndiye niliyekipigania. Mwenye duka kule Karatu hakutuficha, alisema kiwanda kilichokitengeneza huko ng'ambo kinasemekana kitafungwa, vipuri baadaye vitasumbua, kwa hiyo tukijaribu Jumapili moja na kisipofaa tukirudishe Jumatatu. Mzee Tluway, mzee wa kanisa, hakukitaka hata kabla hajakiona.

"Bibi Theresia," akaniambia mbele ya watu, "unanunua ndama ambaye mama yake anakata roho?"

"Ndama yatima akitunzwa hukamuliwa kama wengine," nikamjibu.

Basi nimejifunga. Kikituangusha Jumapili kinarudi dukani, kwaya inabaki kupiga madumu, na mimi sina neno tena kwenye kikao chochote.

Kikalala kwangu kwa sababu mlango wangu una kufuli la kweli. Mwalimu Elibariki wa kwaya akakifunika kitambaa, akasema, "Bibi, usiguse kitu." Mimi nimelea watoto saba, leo naambiwa nisiguse! Jumamosi mchana nikakifunua nipanguse vumbi tu (vumbi letu mnalijua), nikakiwasha nione taa zake, na jamani, kile chombo kimetengenezwa! Hakina ukingo unaokwaruza, vitufe vimejipanga kama punje kwenye gunzi, ukibonyeza kimoja kinarudi taratibu kama mtu mwenye adabu. Nikajiuliza, watu wanaojua kazi namna hii wanafungaje, na wanaotutengenezea majembe ya kupinda bado wapo? Kulikuwa na kitufe kimoja chekundu. Nikakibonyeza. Kikawaka, hakikutoa mlio wowote, nikaendelea kupangusa huku nasema peke yangu kama kawaida yangu, kisha nikakibonyeza tena kikazimika, nikafunika, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumapili ilikuwa siku ya mavuno, kanisa limejaa mpaka nje, mahindi na maboga yamepangwa mbele. Mwalimu akashusha vidole vitatu kwa pamoja, na kwenye maspika mawili makubwa ya kanisa nikatoka mimi, mara tatu kwa mpigo, mmoja mnene kama fahali, mmoja mimi mwenyewe, mmoja kama mtoto wa chekechea:

"Tluway naye anajua nini muziki, akiimba ng'ombe wanagoma kukamuliwa!"

Mwalimu akashtuka, akahamisha vidole, kumbe kile kitufe chekundu kilinirekodi, na kila anapogusa naanza upya. Tluway naye, Tluway naye, Tluway naye! Akina mama wa nyuma wakadhani ni pambio jipya, wakaanza kupiga makofi.

"Kizime!" nikapiga kelele.

"Bibi, ulikigusa?"

"Nilipangusa tu!"

Mchungaji alikuwa amejificha nyuma ya Biblia, mabega yanamcheza. Mzee Tluway akasimama, na makofi yakakatika, nikamsikia hata mbuzi wa sadaka akitafuna nje. Nikajua kinanda kimekwenda, na mimi nimekwenda nacho.

"Masikio yangu yamekufa miaka mingi," akasema. "Mahubiri nakisia tu. Leo nimesikia kila neno." Akaniangalia. "Kinabaki. Ila kitakaa kwangu, si kwa Bibi Theresia."

Jumatatu nikampelekea maziwa mgando kumwomba radhi. Nikamkuta Mwalimu tayari ameinama juu ya kinanda aifute ile sauti, na Mzee amemshika mkono.

"Acha, kijana. Hicho kiwanda kikifungwa, nyingine kama hii tutaipata wapi?"

Mimi tangu siku hiyo nikipangusa kitu, hata sufuria, nafunga mdomo, na nikiambiwa usiguse sigusi. Ila nikipita kwake jioni namsikia akinibonyeza, ile sauti ya fahali, kisha anacheka peke yake. Nami, Mungu anisamehe, husimama kidogo nyuma ya ua, maana hao watu wa kiwanda, wafunge wasifunge, walijua kazi. Natoka safi kabisa.