Kufuli la Khamis

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koleo wala bisibisi. Nilipewa kufuli. Nilikuwa kijana, nimetoka Unguja juzi juzi kuja huku Uarabuni, Kiarabu changu cha kubabaisha. Nilipofika kwenye kituo cha kugawia umeme kule Ruwi, Mkuu wa Zamu alinitazama juu mpaka chini, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, kisha akanitia kufuli jekundu kiganjani. Mama yake alikuwa Mpemba, basi Kiswahili alikuwa nacho kutushinda sisi.

"Hili lako peke yako," akanambia. "Ufunguo ni mmoja, na ukae kwako. Ukiupoteza, nambie. Ukimpa mtu, usirudi hapa."

Nyinyi vijana wa mtaa huu wa Al Khoudh umeme ukikatika mnapiga simu na kununa. Hamjui kuna mtu juu ya nguzo. Basi sikilizeni. Kabla hatujapanda, swichi kubwa ya laini ile huzimwa, na kila fundi hutundika kufuli lake kwenye mkono wa swichi. Umeme haurudi mpaka kila mtu ashuke na afungue lake mwenyewe. Hata Mkuu hana ufunguo wa pili.

Wallahi nilikuwa na raha na kazi ile! Jua la huku linakaanga, lakini tukicheka kutwa. Mkuu wetu hakuwa mpole, msije mkadhani. Ukikosea alikusema mpaka ukajuta kuzaliwa, lakini alikuita pembeni kwanza. Na kahawa alimimina yeye kila asubuhi, ingawa kwa desturi hiyo ni kazi ya mdogo wao. Nikataka kumpokea dele la kahawa, akalivuta kwake: "Kaa kitako wewe! Nakupandisheni nguzo jua lote hili, hata kahawa nisikumiminieni?"

Sasa ikaja siku ya Qurum, mtaa wa wakubwa. Joto limeshika, laini ya majumba makubwa imekatika, nasi tumeshaitengeneza. Tukarudi kwenye swichi, kila mtu akafungua lake. Likabaki moja, la Khamis, fundi mwenzetu. Khamis mwenyewe hayupo, na redio yake haijibu.

Sote tukacheka, maana Khamis tukimjua. Ikikaribia Alasiri huchopoka mapema awahi safu ya mbele msikitini. "Keshakwenda zake na ufunguo mfukoni!" tukasema. Mara simu, Mkurugenzi wa umeme mwenyewe. Wakubwa wa Qurum wanamlalamikia, watoto wanalia kwa joto. Tulimsikia mpaka sisi: "Kateni hilo kufuli!" Mkasi wa kukatia chuma ulikuwa pale pale ukutani.

Mkuu akatugeukia. "Nani kamuona Khamis msikitini kwa macho yake?"

Hakuna aliyemuona.

"Basi sikati," akamwambia Mkurugenzi, akaweka simu, akaingia garini kumtafuta.

Alimkuta nyuma ya kilima, juu ya nguzo ya mwisho, betri ya redio imekufa, anakaza kiungo ambacho hakikumridhisha. Anaimba! Khamis akaletwa, akafungua kufuli lake, Qurum ikapata baridi yake.

Lakini Mkurugenzi alikuwa kaaibika mbele ya wakubwa. Amri ikatoka: Mkuu wetu aondolewe zamu, akahesabu misumari ghalani. Yeye akaendelea kumimina kahawa yake. Sisi ndio tuliokasirika, tukafunga safari kwenda ofisini kwa Mkurugenzi.

Waarabu wa huku wana jambo lao. Mgeni mwenye haja nzito akimiminiwa kahawa hainywi, huiweka chini. Mwenyeji akiona hivyo ataiuliza haja yake, na akisema "kunywa" ndiyo keshaikubali. Basi tukamiminiwa, na mmoja mmoja tukaweka finjani chini.

Isipokuwa Khamis. Khamis kapiga funda, katia tende mdomoni, kanyoosha finjani aongezwe! Nikamfinya paja, wapi.

Mkurugenzi akamtazama. "Wenzako wana haja. Wewe huna?"

"Nnayo, Bwana," Khamis akajibu kwa Kiarabu chake kilichopinda. "Lakini mie ndiye niliyekuwa juu ya nguzo. Mkuu wangu angelikutii, kahawa hii mngeinywa matangani kwangu. Basi niacheni niinywe."

Mkurugenzi akazitazama finjani zetu zilizojaa, akaitazama ile tupu. Akainuka, akachukua dele, akammiminia Khamis yeye mwenyewe.

"Kunyweni," akasema. "Mkuu wenu habanduki."

Tulirudi Ruwi tunapiga vigelegele kama wanawake arusini. Mkuu akatufokea: "Wapumbavu nyinyi! Nani kakutumeni?" Kisha akageukia sinia la kahawa, akatumiminia mpaka finjani zikafurika. Tulimpenda mtu yule, nasema wazi.

Baadaye nilipelekwa Sur, nikapelekwa Nizwa, nikarudi Ruwi nimekuwa Mkuu wa Zamu mimi. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wazee husema mkubwa ni jaa: kila taka hutupiwa yeye, nayo ikome kwake, isiwafikie walio chini. Nilitupiwa nyingi. Kahawa niliimimina kila asubuhi.

Siku ya kustaafu walinifanyia karamu, halua na maneno matamu ya kunizidi kimo. Anayeshika nafasi yangu ni mhandisi, binti wa watu, hodari. Akanimiminia kahawa. Nikaiweka chini.

Binti akaelewa, akapiga magoti mbele yangu. "Una haja gani, Ami?"

"Usikate kufuli la mtu. Akupigie simu yeyote yule."

Akaiokota finjani, akanitia mkononi.

"Kunywa, Ami."

Nikanywa.