Jibu la Kunikatalia Mimi Mwenyewe

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kuandika. Nawaambia: nilijifunzia pale nilipoandika maneno ya kukatalia posa yangu mwenyewe. Wanacheka. Wacheke tu, hata mimi nacheka mpaka mbavu zinauma.

Ilikuwa Karuba, kijijini kwetu mlimani, miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa kijana wa kalamu, na mlima mzima ulinijua: una harusi, una matanga, una sala ya kubariki maharagwe, njoo kwangu nikuandikie. Na nilimpenda binti wa jirani yetu mfugaji. Jamani, nilimpenda hadi nikawa navaa shati ndani nje! Siku ya posa ikapangwa. Baba yangu mdogo, fundi wa maneno, ndiye angesema kwa niaba yetu.

Kwetu posa haikubaliwi hivi hivi. Upande wa msichana lazima wakatae kwanza, tena wakatae vikali. Wakikataa kilegelege wamemdharau mtoto wao mbele za watu. Wageni wakikosa la kujibu, wanabeba mtungi wao wa pombe ya ndizi na kurudi nao nyumbani. Na kulikuwa na mchuuzi mmoja wa kijiji cha Mpofi aliyekuwa akingoja tu sisi tushindwe, apose yeye.

Basi, wiki ileile, baba wa msichana akanifuata shambani. Ulimi wake ulikuwa mzito, na mwenyewe alijijua.

"Kijana, ni wewe njo unajua kuandika ku mulima huu. Niandikie maneno ya kukatala."

"Papa, lakini mimi njo ninaposa!"

"Najua. Ukiandika ovyo, nitajua mutoto wangu iko ovyo ku macho yako."

Eeh, Mungu wangu! Nilianza kwa woga, maneno ya majimaji. Nikayasoma, nikaona haya: msichana kama yule atetewe hivi? Nikachana. Nikaanza upya, na safari hii kalamu ikanikolea. Niliandika anavyokamua ng'ombe huku akiimba, anavyopanda mlima na mzigo wa mihogo bila kuacha kucheka. Nikamalizia: na akiondoka, nani atatujazia nyumba? Nilisahau kabisa kwamba anayekataliwa ni mimi. Raha niliyoisikia! Nilirukaruka peke yangu chumbani kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Siku ya posa nilikaa karibu na mlango, kimya, maana mposaji hasemi. Baba wa msichana akatoa karatasi. Yeye hakujua kusoma. Katika nyumba ile msomaji alikuwa mmoja tu, binti mwenyewe, aliyefundishwa na masista. Shangazi zake wakapiga kelele.

"Asome kukatala kwake yeye mwenyewe? Haya gani hii!"

Baba akakaza. Karatasi ikapenyezwa chumbani, na sauti ya binti ikatoka nyuma ya mkeka uliotundikwa kwenye mlango wa chumba.

Alisoma vizuri, taratibu. Mama yake akalia. Baba yangu mdogo akanitazama mimi, akatazama paa.

"Kwa maneno kama haya," akasema, "sina jibu."

Akainama kuushika mtungi. Mjinga mimi! Nilitaka sifa, sasa nampoteza mtu, na mchuuzi wa Mpofi anamchukua kwa kalamu yangu mwenyewe.

"Haijaisha," sauti ikasema nyuma ya mkeka. "Iko maneno ingine hapa chini."

Akaendelea kusoma:

"'Lakini kama mutoto mwenyewe anamutaka, muache mutungi fasi iko, musiubebe.'"

Vigelegele vikajaa nyumba. Shangazi walewale ndio waliopiga vya juu zaidi. Mimi niliganda palepale mlangoni, maana karatasi ile niliijua yote, hadi nukta ya mwisho.

Baba wa msichana akanigeukia, macho yamemlowa.

"Kijana," akasema, "ule mwisho njo umeandika muzuri kupita yote."

"Aksanti, Papa," nikajibu.